Wa Chini Ndiye Anayefungua Kwanza

Nilipokuwa mdogo, nyuma ya nyumba yetu Isevya, hapa Tabora, kulikuwa na majaruba. Yalishuka bondeni moja baada ya jingine, kila jaruba limezungushiwa tuta lake la udongo ili maji yatulie na mpunga unywe. Mvua ikinyesha mjini, maji yaliteremka kutoka kule juu ambako zamani misafara ya kwenda Ujiji ilipita, yakaja kupumzika kwetu. Watu wa kale walijenga mwinukoni na bonde wakaliachia mpunga. Tulikula wali mwaka mzima na hatukujua kwamba yale majaruba yalikuwa yakitulinda.

Sina ugomvi na mji kukua. Mimi ni fundi cherehani, watu wakiongezeka na magauni yanaongezeka. Ninachogombana nacho ni namna tulivyokua. Majaruba yaliuzwa, yakawa viwanja, na kila aliyenunua kiwanja alianza kwa kuita tipa la kifusi. Alitaka uwanja wake uinuke kidogo kuliko wa jirani, maji yamwendee huyo jirani. Jirani naye hakuwa mjinga, akaita tipa lake. Baada ya kifusi ukaja ukuta, baada ya ukuta sakafu ya saruji uani, eti matope yanachafua viatu. Mtaa mzima uliumuka kama donge la maandazi, isipokuwa nyumba ya mama. Yeye na marehemu baba walijenga kabla ya wote hawa, na sasa kuingia kwetu ilikuwa kama kushuka kisimani.

Maji yakaanza kutuingilia ndani. Masika ya kwanza yalilowesha mikeka, tukacheka. Yaliyofuata yalibomoa ukuta wa jiko, hatukucheka tena. Mama ana miguu mibovu, na siku hiyo nilimkuta amekaa juu ya meza, kanga imelowa mpaka kiunoni, ananiuliza kama nimekula. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Kaka yangu anaishi Nzega. Alipopata habari alikuja, akatazama alama ya tope ukutani, akasema maneno machache: "Yakiingia tena, namchukua mama. Nyumba tutaiuza." Mama hakumjibu. Kwa mama kunyamaza ni kukataa, lakini safari hii hata mimi nilikuwa upande wa kaka. Nililia jikoni, maana nilijua kumtoa mama Isevya ni kumzika akiwa anapumua.

Chini yetu kilibaki kiwanja kimoja tu kisichojengwa, jaruba la mwisho. Alikinunua dereva mstaafu wa treni anayekaa juu ya mtaa, akakizungushia ukuta mrefu, akingoja kujenga vyumba vya kupangisha. Ukuta huo ndio uliotumaliza. Maji ya mtaa mzima yalifika kwetu, yakaugonga, yakarudi kutuamkia.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Nilikwenda nikiwa nimevimba kwa hasira. Kila mtu alimnyooshea kidole wa juu yake, na wa juu kabisa wakainyooshea kidole barabara mpya ya lami. Mmoja alisema tuchange tununue kifusi cha kuinua uwanja wa mama, na nusu ya watu wakapiga makofi. Nilisimama nikamuuliza kama atainua na paa. Wakaniambia nikae, nisikoroge mkutano.

Mama alikuwa pembeni yangu. Alimgeukia yule dereva.

"Wewe si mtoto wa Igunga? Kwenu si mnalima mpunga?"

"Tunalima, mama. Nimekulia majarubani."

"Mvua kubwa ikija, matuta mnayafunguaje?"

Watu walicheka, maana pale hapakuwa na ambaye hakujua. Mtaa wetu wote ni watoto wa wakulima wa mpunga waliojifanya wamesahau. Dereva naye alicheka, akajibu vizuri kabisa, kwa sauti ya mtu anayewaelekeza wageni.

"Anaanza wa chini. Anatoboa tuta lake, yakipita anamwita wa juu yake, naye anafungua, hivyo hivyo mpaka juu. Akianza wa juu, matuta yote yanapasuka."

"Na hapa kwetu wa chini ni nani?"

Nyumba ya dereva iko juu ya mtaa, lakini jaruba la mwisho ni lake. Alikuwa ametamka kwa kinywa chake, mbele ya mkutano mzima, kwamba wa kuanza ni yeye. Nilimtazama akikuna kichwa na hasira zangu zikayeyuka, nikamwonea huruma.

"Mama, mimi nataka kujenga pale," alisema taratibu.

"Jenga baba, upande wa juu. Chini waachie maji mahali pa kulala."

Hakuahidi kitu. Lakini wiki hiyohiyo nilisikia nyundo nyuma ya nyumba. Alitoboa ukuta wake usawa wa ardhi, upande wa juu na upande wa chini, akaweka nondo ili takataka na mbuzi visipite. Alipomaliza alisimama kwenye tundu akaita, kwa utani, "Mama, tuta langu limefunguka!" Nasi tukatoboa ukuta wa ua wetu. Jirani wa juu yetu akafuata, kisha mwingine. Wengine walibandua na saruji za uani wakapanda majani. Mmoja amekataa mpaka leo, anadai tundu litaingiza nyoka. Tulichimba mfereji kumzunguka, na bado tunamsalimia.

Mvua yenyewe ilikuja alasiri, nzito, ya kupiga bati mpaka msikilizane kwa ishara. Nilisimama mlangoni na ufagio, kana kwamba ufagio ungesaidia. Maji yaliingia uani kwa tundu la juu, yakajaa, yakafika kwenye ngazi ya mlango. Nilimshika mama mkono. Yakasita pale, kisha yakaanza kuvutwa kuelekea bondeni, yamebeba majani na ndala ya mtu. Ndani hayakukanyaga. Nililia mbele ya mama bila aibu, naye akaniambia nimepata maji ya kufulia bure.

Sijidanganyi. Huko juu bado wanamwaga lami na kupaua nyumba kila mwezi, na maji yao yote yatapita kwetu. Itabidi kila anayekuja aambiwe kuhusu tundu kabla hajajenga ukuta. Mwenyekiti ameanza kuwaambia, wengine wanamsikiliza.

Kaka alisikia redioni kwamba Tabora imenyesha vibaya. Alifika na gari la mizigo la kukodi na kamba za kufungia makabati. Nyumbani hakukuta mtu. Alituona bondeni, kwenye ile nusu ya kiwanja ambayo dereva ameiacha wazi, watu wa mtaa tumeinama tunapandikiza mpunga, na mama amekaa kwenye kigoda kwenye tuta, anatugawia miche na kutukosoa mistari.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba mwanangu," alisema, akampa fungu la miche. "Vua viatu."