Presha Imeshuka

Kwa Jamirah, presha ilikuwa kitu cha kupanda tu. Miaka kumi na mmoja aliipiga vita presha ya mumewe Bruhan, muuza magodoro wa Mbale. Chumvi aliifungia kabatini, na kila alfajiri baada ya swala alimsimamia mpaka kidonge kimemezwa. Majirani wakamtania, wakamwita afande. Naye alivyolipenda jina hilo, usiseme!

Mkono wa Bruhan ulipopooza siku mbili, ikagundulika mshipa wa shingoni umeziba. Wakashuka Jinja, kwenye hospitali ndogo walikokuja madaktari wageni wa kuingiza kijichuma cha kupanua mishipa. Nesi Kagoya akamwambia Jamirah waziwazi: kesho asubuhi mgonjwa asimeze kidonge cha presha. Jamirah akaitikia, lakini moyoni akasema, hawa wanamjulia wapi mtu wangu? Alfajiri akampa kama kawaida.

Mchana Bruhan akarudishwa wodini, mshipa umefunguka. Mara mashine ikaanza kulia, na Kagoya akamwita daktari: presha imeshuka. Alhamdulillahi! Jamirah akampigia simu binti yao Shamirah kule Mbale, ampe habari njema. Masikini, hata hajamaliza, akamwona daktari anakuja mbio na Kagoya anainua miguu ya mgonjwa. Moyo ulikuwa unapiga mara thelathini na nne kwa dakika.

"Mama, asubuhi alimeza nini?" daktari akauliza.

"Hakumeza kitu."

Aibu ilimshika ulimi. Asifiwe miaka yote hiyo, leo aonekane mjinga mbele ya watu? Ikapigwa sindano ya kwanza, ikapigwa ya pili, moyo haukuitika. Uso wa Bruhan ulipogeuka rangi ya majivu, ndipo Jamirah akakitaja kidonge, kile kinachopunguza na mapigo ya moyo. Daktari akabadilisha dawa papo hapo. Alasiri Bruhan akakata roho.

Daktari, mtu muungwana, akamkalisha Jamirah chini. Akamweleza kwamba kijichuma kikitanua mshipa wa shingo, mwili hudanganyika ukadhani presha imepanda, ukaishusha wenyewe. Humpata hata asiyemeza chochote. Asijilaumu kwa kidonge.

Jamirah akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sikuulizi kidonge, daktari. Tangu nilipokwambia hakumeza kitu mpaka niliposema kweli, zilipita dakika ngapi?"

Daktari akainamisha kichwa.

"Tisa," akasema.