Mama Barafu na Vichupa vya Mwanawe

Umeme ulikatika Mama Barafu akiwa ndiyo kwanza amelaza kichwa. Feni ilijizungushia raundi za mwisho ikasimama, na kule sebuleni friza ikakata muungurumo wake. Kwa kawaida jambo hilo halimkoseshi usingizi. Tangu aanze kuuza barafu kanuni yake ni moja, na wanawe waliijua kabla hawajajua kusoma: umeme ukikatika, friza haifunguliwi. Hata mteja apige magoti. Ukiiacha na mdomo wake umefumbwa, baridi itajilinda yenyewe mpaka kuche.

Lakini usiku ule friza yake hakuikumbuka kabisa. Aliiwaza ya kliniki.

Huko ng'ambo ya mji, kwenye kliniki ya uzazi, kulikuwa na vichupa vya mbegu za kitinda mimba wake, fundi rangi. Ziligandishwa zamani, alipokuwa kijana mbichi na saratani imemkamata. Daktari alisema dawa zitaua ugonjwa, ila huenda zikaua na uzazi, kwa hiyo aweke akiba. Mama Barafu ndiye aliyemsindikiza. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba kilichofungwa, kikapu mapajani, akijifanya anasoma bango la ukutani. Mwanawe alipotoka alitazama sakafu tu.

"Mama, usiniulize kitu."

"Nimekuuliza nini? Vaa sweta."

Kisha zikaja dawa, na mdomo wa kijana ukajaa vidonda, chakula hakipiti. Kilichopita ni barafu ya mamaye. Alikuwa akiipasua vipande vidogo, anamlisha kama kifaranga. Mungu si wa mmoja, kijana akapona, akanenepa, akaoa msusi mwenye ulimi mwepesi kuliko vidole. Mtoto ndiye hakuja. Walipopima, ikaonekana dawa zilifagia kila kitu. Zilibaki zile za kwenye vichupa, na hakuna aliyejua kama baada ya miaka yote hiyo bado zina uhai. Kesho yake asubuhi wangeyeyusha kichupa kimoja cha kupimia. Zikiwa hai, watazitumia zilizobaki. Zikiwa zimekufa, wataenda kwenye benki ya mbegu, wachague za mchangiaji.

Hapo kwenye benki ndipo Mama Barafu alipokwama.

"Mtu tusiyemjua?" alimwambia mkwewe siku alipoelezwa. "Mimi hata maharage sinunui bila kuyachambua."

"Huko wameyachambua kukushinda, Mama. Wamepima damu, wameuliza magonjwa ya ukoo mpaka kwa babu. Mwanao mimi nilimchukua bila kuuliza chochote."

Mama Barafu alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Alitaka mjukuu mwenye masikio ya marehemu mumewe, yale makubwa yaliyosimama kama mishikio ya sufuria. Alishawahi kuyacheka vya kutosha. Sasa aliyatamani.

Na sasa umeme umekatika.

Kulipopambazuka umeme ulikuwa bado haujarudi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara, Mama Barafu alivunja kanuni. Alifungua friza, akatoa mabonge yote, hata yale yaliyokwisha kulipiwa na muuza samaki, akayapanga kwenye boksi kubwa la kutunzia baridi, akaziba kwa shuka na kukodi bajaji.

Mlinzi wa kliniki alimtazama kutoka juu hadi chini. "Mama, biashara humu ndani hairuhusiwi."

"Nani anafanya biashara? Nimeleta barafu ya mwanangu. Niitie anayeshika funguo za friza yenu, upesi, kabla hazijayeyuka!"

"Kabla nini hazijayeyuka?"

"Usinitie aibu asubuhi yote hii. Nenda kaite."

Nesi aliyekuja alikuwa mtu mzima, na kwa heshima yake alisubiri mpaka Mama Barafu amemaliza kueleza ndipo akajiuma mdomo.

"Mama yangu, mbegu hatuziweki kwenye friza. Zinakaa kwenye mtungi wa naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Mtungi wenyewe hautumii umeme. Uchukulie kama chupa ya chai, ila huu unatunza baridi. Ikipungua tunaongeza."

"Kwa hiyo barafu yangu…"

"Mbele ya mtungi ule, barafu yako ni uji wa moto."

Mlinzi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mama Barafu alijiburutia kwenye benchi, lile lile la zamani, ingawa bango lilikuwa jipya. Aliona aibu, na papo hapo akafarijika: vichupa vilikuwa salama.

Hapo ndipo mwanawe na mkewe walipomkuta, maji yanavuja chini ya boksi.

"Mama! Umefuata nini?"

"Usiniulize kitu," alijibu, na kijana akacheka, maana aliyatambua maneno yake mwenyewe.

Mlango wa maabara ulifunguliwa kidogo, nesi akamwita kijana aje kuona kichupa kilichoyeyushwa. Mkewe akamsukuma kiunoni. "Tangulia, nakuja. Ngoja nimkalie Mama, asije akaondoka na mtungi wa watu."

Mlango ukafungwa. Wanawake wawili walikaa, boksi katikati yao.

"Mama," msusi alisema, na safari hii ulimi wake ulikuwa mzito. "Zikiwa zimekufa, huyo mwingine utampakata?"

 Mama Barafu alitazama mikono ya mkwewe, ilivyobanwa magotini. Kumbe usiku kucha hakuwa peke yake macho.

"Nitampakata mpaka aombe kushushwa," alisema. "Mtoto atakayelelewa na nyinyi ni mjukuu wangu, hata atoke benki. Ila siku ya kuchagua mnichukue. Masikio nitachagua mimi."

Msusi alicheka huku machozi yanamtoka, akamlalia begani. Mama Barafu aliona ajabu: moyo ulikuwa umetulia, na habari bado hazijaja.

Mlango ulifunguliwa wazi kabisa. Mwanawe alisimama pale, na mara hii hakutazama sakafu.

"Ziko hai. Si zote, ila zinatosha. Nimeziona kwa macho yangu, zinaogelea."

"Zinaogelea? Marehemu baba yako hata kwenye dimbwi alizama."

"Mama, fungua boksi."

Mama Barafu akatoa shuka, akapasua kipande kidogo cha barafu, akamtia mwanawe mdomoni pale pale mlangoni, huku nesi akiushikilia mlango wapite wote watatu.