Jinsi Bi Munjiya Alivyochagua Ruta

Siku ya kwanza nilipomwona Bi Munjiya alikuwa ameipakata ruta, kile kisanduku cha intaneti, kama mtu anayempeleka kuku mgonjwa kwa daktari. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa, nyaya zikining'inia. Aliingia dukani kwa Bwana Lamjad, hapa Kairuani, akaiweka juu ya kaunta na kuifunua.

"Chukueni mali yenu," akasema. "Inakula maneno."

Lamjad alikuwa anakunywa chai. Yeye ndiye mwenye duka. Mimi ni fundi wake, kazi yangu ni kufunga ruta na kamera majumbani mwa watu.

"Ruta haili maneno, Bi Munjiya. Hiyo ina antena sita!"

"Antena sita, na inanipa vidole vinne."

Lamjad akanitazama. Nami sikuelewa, nikajifanya natafuta bisibisi.

Ndipo akaeleza. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mfumaji wa mazulia. Shule aliachishwa darasa la nne akaketishwa kwenye mtambo wa kufumia. Miaka arobaini alifunga mafundo ya sufu huku akihifadhi msahafu, aya kwa aya, redio ikiwa pembeni, mpaka ukamkaa wote kifuani. Sasa alikuwa anausoma kwa njia ya video mbele ya Sheikha Masuda, mwalimu wa kike aliyeko Tripoli ya Libya, ili apewe ijaza, ile karatasi inayomruhusu mtu kusomesha wengine. Alikuwa amebakiza juzuu nne.

Shida ilikuwa sauti. Kuna herufi ambazo msomaji lazima azivute kwa muda wa kukunja vidole sita, kimoja baada ya kingine. Bi Munjiya alivuta sita. Tripoli vilifika vinne, viwili vikimezwa njiani.

"Nikamwambia, sheikha, ni intaneti hiyo. Akanijibu, 'Munjiya, mimi siandiki ninachokikisia. Naandika ninachokisikia.' Na mwisho wa Shaabani anafunga daftari lake. Anakwenda kupasuliwa moyo, hapokei tena mwanafunzi."

"Basi kosa liko Libya," akasema Lamjad. "Umeme wao wenyewe unakuja na kuondoka."

"Wenzangu kumi na wawili wanafika kwake wazima. Mimi peke yangu ndiye ninayefika sina mkia?"

Lamjad akacheka, akamtolea nyingine kutoka dirishani. Nyeusi, inang'aa, taa za bluu. "Hii ina antena nane. Tazama, kama buibui."

"Buibui hukaa pembeni siku nzima akingoja nzi," akasema, lakini akaichukua.

Baada ya wiki alirudi. Safari hii hakubeba kitu. Alisimama mlangoni kwanza, akavuta pumzi, nikajua mambo si mazuri.

"Amenisimamisha mara tatu kwenye ukurasa mmoja," akasema. "Ameniwekea Alhamisi ijayo nimalizie. Hakuna Alhamisi nyingine baada ya hiyo. Sasa Lamjad, nijibu kitu kimoja tu. Nyinyi hapa dukani mnatumia ipi?"

Lamjad akakohoa. "Ya kwetu ni ya zamani, Bi Munjiya. Haipendezi."

"Sikuuliza uzuri. Sitafuti mkwe."

Lamjad akaanza kusifu buibui wake upya. Bi Munjiya akanigeukia mimi. Nikaonyesha kwa kidevu. Ilikuwa juu ya friji ya soda: kiboksi cha kijivu kilichojaa vumbi, antena mbili, taa moja. Ndiyo inayoendesha kamera zote za duka.

"Mnaizima lini?"

"Haijazimwa," nikasema. "Mwaka wa sita huu."

"Zipo nyingine kama hiyo?"

Zilikuwapo, nyuma ya stoo, ndani ya maboksi yaliyofifia rangi kwa sababu hakuna aliyezitaka. "Lete moja nyumbani kesho asubuhi," akaniambia. "Na huyo buibui nitamweka pale pale. Nitawasikiliza wote wawili."

Kesho yake nilifika kwake. Wanawake wawili anaofuma nao walikuwa wameketi kwenye mtambo. Nilipoingia sebuleni nikaiona ruta ya antena nane mahali ambapo nimekwisha kuikuta katika nyumba mia za mji huu: juu ya rafu ya vyombo vya shaba. Masufuria ya harusi ya mama yake, masinia, birika, yote yamesuguliwa yakawa kama jua, na ruta imewekwa katikati yao. Kitu cha thamani sisi hukiweka pale.

Nililijua tatizo papo hapo. Lakini utamwambiaje mwanamke kwamba shaba ya mama yake ndiyo mbaya?

"Sema, mwanangu," akasema Bi Munjiya. "Nimelea wanne, namjua mtu aliyebana neno mdomoni."

"Shaba," nikasema.

"Shaba imefanya nini?"

"Imeizunguka. Mawimbi yanagonga yanarudi. Ni kama unasoma ukiwa ndani ya pipa."

Mmoja wa wafumaji akaangua kicheko. "Munjiya! Umeiketisha ruta kama bibi harusi, halafu unashangaa haisemi!"

Bi Munjiya naye akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaitoa mwenyewe na kuipachika juu ya boriti ya mtambo, hatua mbili kutoka mahali anapoketi kusoma. Akampigia dadake Shadhlia, aliyeko Susa, akamwambia akunje vidole na kuhesabu. Akavuta.

"Sita!" Shadhlia akapaza sauti.

"Basi ilikuwa shaba tu," nikasema, nikaanza kukusanya vifaa.

"Kaa chini. Dakika ya kwanza hata mwongo husema kweli. Mimi nasoma saa nzima, na neno langu gumu liko mwishoni kabisa."

Nilielewa. Anayemaliza msahafu haruhusiwi kuondoka hivi hivi. Huanza tena sura ya kwanza, na neno la mwisho la sura hiyo lina mvuto wa vidole sita. Basi akasoma. Kwenye dakika ya arobaini Shadhlia akasema, "Tano... nne... Munjiya? Umekwenda wapi?" Nikaigusa ruta. Ilikuwa moto kama mkate uliotoka tanurini.

Nikafunga ile ya kijivu. Akasoma saa nzima, akaongeza nusu. Niliigusa mara kwa mara. Ilikuwa vuguvugu tu. Mwishoni Shadhlia akapiga kelele kutoka Susa, "Sita! Sita, nimekwambia sita tangu asubuhi! Sasa niache, mchuzi wangu umeungua!"

Bi Munjiya akaifuta vumbi kwa ncha ya shungi lake. "Hii ndiyo yangu," akasema.

Alhamisi aliniita nikae uani endapo nyaya zitasumbua. Uani palikuwa pamejaa wafumaji, wameweka mikono magotini. Sauti yake ilitoka kupitia mlango ulioachwa wazi. Sura fupi za mwisho zikapita moja baada ya nyingine. Akamaliza. Akaanza ya kwanza. Alipofika kwenye neno lile niliona kila mwanamke uani anakunja vidole. Kimoja. Viwili. Nami nilikuwa nakunja vyangu mfukoni. Vitano. Sita.

Kimya. Nikadhani imekatika, nikainuka kwenda kwenye nyaya.

Kisha sauti ya Sheikha Masuda ikaja, ya uzee, kama yuko chumbani: "Nimekusikia, Munjiya. Naandika."

Vigelegele vilivyopigwa pale viliwatoa majirani wa mitaa mitatu. Mtu alinisukumia sahani ya makrudhi, vile vikeki vya tende, nikala saba bila kujua ninachokula.

Mwezi uliofuata alihamia Mahdia kwa bintiye, akaanza kusomesha. Aliishi miaka miwili baada ya hapo, na wanawake kumi na mmoja walimalizia msahafu mbele yake, mmoja wao akiwa mbali, Marekani. Sikumwona tena, ila mara moja alipiga simu dukani. Lamjad aliipokea, akaanza kumwambia kuna mpya zimeingia za antena kumi na mbili. Akasikiliza, uso ukambadilika, akanipa simu.

"Naji," Bi Munjiya akasema, "wanafunzi wangu watatu wanakatika. Nitumie tatu zile mbaya, na zile nzuri mwachie Lamjad."