Mtihani Juu ya Turubai la Mpunga

Asubuhi ile nilikuwa nagombana na mashine. Fotokopi ya shule yetu, hapa Ifakara upande wa Lumemo, ilikuwa imekufa, na mkuu wa shule akanipa ufunguo wa chumba cha saiklostaili, ile mashine ya zamani ya kudurufu kwa kuzungusha mkono. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, na mtihani wa kesho yake wa kidato cha nne ulikuwa wa kwanza kukabidhiwa niuchape mwenyewe. Nikiuharibu, muhula ujao nisingeitwa. Mkuu yule, mama mpole lakini asiyezunguka maneno, alinieleza hivyo hivyo.

Mashine ikagoma. Ilivuta karatasi tatu kwa mpigo, kisha ikazunguka bila kuvuta hata moja, kisha ikameza moja na kuitema imejikunja kama tambara la kudekia. Nikapunguza rundo. Nikafuta rola za mpira kwa spiriti. Nikalegeza vibanio vya pembeni, nikavikaza tena, nikaitukana mashine kimoyomoyo. Ndipo nilipoishika karatasi yenyewe nikaitikisa, na haikutoa hata mlio. Ilikuwa imelegea. Unyevu wa masika ulikuwa umeingia ndani ya rimu zote.

Hapa kwetu kitu kikilowa hakina mjadala, kinaanikwa. Uwanjani mama mpishi alikuwa ametandaza turubai na kuanika mpunga ambao wazazi huchangia chakula cha wanafunzi. Nikamwomba kona. Akausogeza mpunga, tukatandaza karatasi zile tupu na kuzikandamiza kwa vijiwe. Jua lilikuwa kali. Niliporudi nazo ndani, mashine ilivuta moja moja bila kinyongo, nami nikazungusha mkono huku napiga mluzi. Kazi ilipoisha, wino ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo nikaziacha nakala mezani zikauke, nikaenda bombani kunawa.

Wino ule haujui sabuni. Nikasugua, kengele ya mapumziko ikalia, nikaendelea kusugua.

Niliporudi, meza ilikuwa tupu.

Nilitoka mbio hadi uwanjani. Mtihani wangu wote ulikuwa umeanikwa kando ya mpunga, maandishi juu, na kidato cha nne wamepiga magoti kulizunguka turubai. Mama mpishi alinieleza kwa furaha kwamba alipita akakuta mlango wazi, akazigusa karatasi akaona bado zina majimaji, akanionea huruma. Wanafunzi aliwaita yeye, wafukuze kuku. Niliinama nianze kuzikusanya karatasi. Msichana mmoja akainua kichwa na kuniambia, kwa heshima zote, kwamba swali la tano lina majibu mawili yaliyo sahihi.

Mkuu wa shule akafika. Alilitazama turubai, akanitazama mimi. Nilijiona nimeshapanda basi la kurudi kwetu Kiberege. Hakupandisha sauti. Aliwauliza wanafunzi kama wameshayasoma maswali, wakaitikia wote kwamba wameyasoma.

“Kaeni hapo hapo,” akasema. “Madaftari leteni kwangu. Kila mtu achukue nakala moja na kalamu. Mtihani unaanza sasa.” Kisha akanigeukia. “Na wewe mwalimu, simamia.”

Nikasimamia, nikifukuza kuku mimi mwenyewe. Sijawahi kuona mtihani wa namna ile na sitamani kuuona tena.

Baadaye aliniita ofisini, akataka ufunguo. Nikauweka mezani, nikajua ndiyo basi tena. Akaniambia muhula ujao nitafundisha. Nilikuwa bado nashukuru alipotuma mtu amwite mama mpishi, na mbele yangu akamkabidhi yeye ufunguo wa chumba cha mashine.

“Stoo ya huyu mama ina mchele wa shule nzima,” akaniambia, “na sijawahi kuikuta wazi.”

Nilipigwa na butwaa kubwa kuliko lile la uwanjani. Mpaka leo nikitaka kuchapa mtihani naanzia jikoni. Namwamkia mama shikamoo, nasema shida yangu, halafu nasubiri mpaka amalize kuchambua mchele.