Kwaresima ya Chui

Harufu ya mafuta ya alizeti yanapoanza kuchemka hunirudisha kijijini Bonga, asubuhi za Kwaresima, ukungu ukiwa bado umelalia mahindi na mama ameshainamia karai lake jikoni. Alikaanga maandazi na perege wa kuuza kando ya barabara ya Dodoma. Mimi na dada yangu tulijilaza tukisikiliza mafuta yakichachatika, tukaichanganya sauti ile na mvua juu ya bati, hata hatukujua kama tumeamka au bado tunaota. Utoto mtamu jamani.

Mwaka ule baba alijiwekea nadhiri ya kutogusa cha kukaanga mpaka Pasaka. Mama, kwa mazoea, aliendelea kumwekea fungu lake, na baba akawa analipeleka kwa Chui, mbwa wetu wa kahawia aliyelinda mahindi dhidi ya ngedere. Baba hakuwa mtu wa maneno matamu. Sisi watoto hakutukumbatia hata siku moja, lakini Chui alimkuna masikio huku akimlisha ngozi za samaki zilizolowa mafuta, maandazi, na vitunguu vya kukaanga. Mama alimtania kwamba nyumba nzima inafunga isipokuwa mbwa. Chui akanenepa, akang'aa, nasi tukamwonea wivu kwelikweli.

Jumapili ya Matawi ilipokaribia, Chui alianza kutapika. Alikunja mgongo, tumbo likawa gumu, hata maji hakuyataka. Bwana mifugo alikuja, akambonyeza taratibu, akauliza anakula nini. Baba akamweleza, tena kwa fahari kidogo. Yule bwana akashusha pumzi, akasema mafuta mengi namna ile huvimbisha kongosho la mbwa, na vitunguu humharibia damu. Alimchoma sindano, akasema tusubiri. Baba alishinda naye kibarazani, akimwita jina kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Chui akafa jioni, kichwa kikiwa mapajani mwake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Baba alilia mbele yetu, nami nikaogopa kuliko nilivyokiogopa kifo chenyewe.

Siku hizi baba anaishi kwangu, Singe, ambako kila kona pana karai la chipsi. Mengi yamemtoka akilini, mara nyingine ananiita kwa jina la mdogo wake. Juzi binti yangu alikuwa akimrushia mbwa wetu chipsi zake. Baba akamshika mkono, bila ukali.

"Usimpe, mjukuu wangu," alisema. "Mimi wangu nilimpenda hivyo hivyo."