Siku Telefone Yangu Iliposema Mbele ya Wakwe

Hii habari sikutaka kuisimulia, na ningekaa nayo kimya mpaka kaburini kama Mama Amani, mke wangu, asingekuwa ameshaitembeza Mulongwe nzima, mtaa wa duka langu, hata watu wanaingia dukani kwangu kununua plagi ya pikipiki, wanaipokea, wanakohoa kidogo, kisha wananiuliza eti telefone haijambo? Basi afadhali niiseme mwenyewe kwa mdomo wangu kabla haijaota mkia wa pili.

Mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa kushuku. Sijui nilizaliwa hivyo au ni mji wetu ulionifundisha (mkikaa Uvira mtanielewa, hapa mtu akikusalimia mara mbili asubuhi moja unajiuliza anatafuta nini), lakini mteja akinilipa bila kuomba punguzo, noti yake naigeuza juani mpaka anaona haya yeye. Sasa siku moja tunakunywa chai, namwambia Mama Amani kwamba godoro letu limechoka, linanitoboa mgongo, na chai haijapoa nafungua telefone naona magodoro yanatangazwa! Ya bluu, ya maua, ya kukunja. Nikaiweka mezani polepole kama mtu anayeweka nyoka. Nikamwambia kwa ishara atoke nje, na huko nje nikamnong'oneza, "Hii kitu inatusikiliza."

"Sasa mbona unaninong'oneza? Imebaki ndani," akasema.

"Hujui masikio yake yanafika wapi."

Nikaenda kwa Rodrigue, jirani yetu wa nyumbani, mtaa wa Songo, anayefundisha informatike, mambo ya kompyuta, kwenye sekondari. Akacheka, halafu akanieleza vizuri. Akasema telefone ni kama nyumba iliyouzwa pamoja na mlinzi wake, na huyo mlinzi, anayeitwa sisteme, kila jioni anaenda kumsimulia bwana wake mambo yote uliyofanya, lakini unaweza kumfukuza ukaweka sisteme nyingine, iliyotengenezwa na watu wasiotaka habari zako. Mimi nikaona huyu ni ndugu. Siku hiyo hiyo akaunganisha telefone yangu na ordinatere yake, ile kompyuta, kwa waya, ikazima, ikawaka na maandishi meupe kwenye giza, ikazima tena (na moyo wangu nao ukizima na kuwaka), mwisho ikafunguka safi kabisa, haina hata jina la mtu mmoja ndani.

"Imefutika yote, nilikuambia," Rodrigue akasema. "Niachie siku chache niipange, nikuwekee na WhatsApp. Na usiende nayo kwenye mambo makubwa kabla hujaizoea."

Na hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Maana badala ya kusikia ushauri, mimi nilisikia mtego. Siku chache? Akae na telefone yangu siku chache anafanya nini? Na yeye amejuaje kwamba nina mambo makubwa? Nikaichukua, nikamshukuru kwa meno tu, nikaenda zangu. Nikaingiza namba moja ninayoijua kwa kichwa, ya Mama Amani, basi.

Na kweli mambo makubwa yalikuwepo. Mdogo wangu Espoir, kitinda mimba wetu, alikuwa amepata mchumba huko Luberizi, binti anaitwa Riziki, na kwa kuwa baba yetu hayupo tena mimi ndiye niliyekuwa baba, msemaji, kila kitu. Jumapili tukaondoka familia nzima kupeleka posa. Wakwe walitupokea vizuri sana, wamefunga turubai uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na katikati pipa la kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kwetu. Kupokewa vizuri namna ile, mimi nikaanza kushuku.

Nikakaa mbele, koti limenibana, telefone mkononi. Nikaogopa isije ikalia wakati wazee wanasema, nikainama kutafuta pa kuinyamazisha, lakini kwenye sisteme mpya kila kitu kimehama, ni kama kutafuta chumvi kwenye jiko la mtu mwingine. Nikatafuta, nikatafuta. Nilipoinua macho, glasi yangu imeshajaa. Pembeni ya pipa amesimama Mama Riziki, mama wa binti, mwanamke mrefu, hacheki hovyo, anapangusa midomo kwa kitenge.

Nani ameonja? Sikuona mtu ameonja. Kwetu anayekupa pombe anakunywa kwanza yeye, mbele yako, maana kuna karuho, ile sumu inayosemwa kila msiba, ambayo sijawahi kukutana na mtu aliyeiona kwa macho, ila kila mtu anamjua aliyekufa nayo. Nikainama tena, nikamwandikia mke wangu upande wa wanawake: "Usikunywe hiyo pombe. Hakuna mutu ameionja. Naogopa karuho." Nikatuma. Halafu ili isilie, nikabana vitufe viwili vya sauti kwa pamoja, kwa nguvu. Yakatokea maneno marefu ya Kifaransa yakiniuliza jambo, na mimi, kwa haraka, nikagusa "oui", yaani ndiyo.

Ndugu zangu, msiguse "oui" kabla hamjasoma.

Maana kumbe hivyo vitufe viwili vikibanwa pamoja vinaamsha ile sauti ya kuwasaidia vipofu, inayosoma kila kitu kilicho kwenye kioo. Mimi sikujua. Baba yake Riziki amesimama, anatukaribisha, watu wote kimya, na jibu la mke wangu likaingia. Na telefone yangu, kwa sauti ya mwanamke wa Kizungu anayetamka Kiswahili chetu kama Kifaransa, polepole kama anayesoma somo kanisani, ikatangaza: "Message. Mama Amani. Weye iko na wazimü? Karüo gani?"

Baba yake Riziki akakatisha hotuba, akageukia mkono wangu. Kuku tu ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

Nikaigusa ili inyamaze. Lakini ile kitu ukiigusa ndipo inasoma palipoguswa! Kidole changu kikaangukia ujumbe wangu mwenyewe: "Üsikünywe iyo pombe. Aküna mütü ameionja. Naogopa karüo." Nikagusa kwingine. "Naogopa karüo." Nikabonyeza kitufe cha pembeni kupunguza sauti, kumbe nimeongeza. Nikaiingiza chini ya koti, nikaikalia, na huko chini ikatoa sauti ya mtu aliyezikwa hai: "Batterie faible," yaani betri inaisha.

"Anaturekodi!" akapaza sauti mjomba wa Riziki, mzee mmoja mfupi, tayari amesimama. "Muntu anakuja kuposa na mashine ya kupeleleza! Nani amekutuma?"

"Hapana, mzee, nimebadilisha sisteme tu…"

"Sisteme ya nani?"

Nikasema ni sisteme isiyopeleleza watu, na kadiri nilivyoieleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mpelelezi. Vijana wakasogea. Espoir amejishika kichwa. Ndipo Mama Riziki akaja, akawapita wote, akasimama mbele yangu na wala hakupaza sauti.

"Papa, weye ulikuwa wapi wakati minye nilikunywa?"

Nikageuka kulitazama pipa, sielewi.

"Nilisimama hapo, pembeni ya pipa. Nikajaza glasi, nikaikunywa yote. Batu wote waliniona. Weye ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia telefone. Nikatazama watu wa upande wangu, shangazi zangu, binamu zangu, na kila mmoja akaangalia chini, maana wao walikuwa wamemwona.

"Kuna jirani yetu alikula hapa kwangu, kisha akafa kwa ugonjwa wake," akasema. "Walisema ni minye. Kijana wa kwanza wa kumuposa huyu mutoto, familia yake ikarudi nyuma ju ya hayo maneno. Tangu siku ile kila kitu ninachomupa muntu, nakikunywa kwanza, nimesimama, batu waone. Na leo tena?" Nyuma ya mlango nikasikia binti analia, na huyo ni Riziki mwenyewe, ambaye hata hatukuwa tumemwona sura siku hiyo.

Nawaambia kweli, ningepata shimo la panya ningeingia.

Aliyetuokoa ni Espoir. Mdogo wangu huyo, ambaye nyumbani haongei hata akikanyagwa, aliinuka, akachukua glasi yangu iliyojaa, akainywa mpaka chini, akaweka goti ardhini mbele ya mama. "Mama, anayeoa ni minye. Huyu ni mukubwa wangu, siwezi kumukana, lakini leo hasemi tena." Na Mama Amani, upande ule, naye akainua glasi yake juu ili watu waone, akaimaliza, huku ananiangalia mimi kwa jicho ambalo mpaka leo sijalisahau.

Wakamteua binamu yetu awe msemaji. Mimi nikaambiwa nitoke nje ya uzio mpaka waite. Hawakuita. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta na telefone yangu isiyozimika, kila nikiisogeza inanitajia saa kwa Kifaransa, watoto wamenizunguka wanaiga, "Batterie faible! Batterie faible!" mpaka ikafa yenyewe. Huko ndani nilisikia vigelegele, na hivyo ndivyo nilivyojua mdogo wangu amekubaliwa.

Njiani kurudi, tulipokaribia Uvira, Mama Amani akanigeukia. Halafu akasema tu, "Weye unaogopa kila kitu kinachokusikiliza. Ungesikiliza na weye kidogo."

Baada ya wiki kupita nilirudi Luberizi peke yangu kuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikamkuta Mama Riziki anakusanya mpunga uliokuwa umeanikwa uani juu ya turubai, mvua inakuja kutoka milimani, na nilipofungua mdomo akasema, "Kamata upande ule." Nikakamata. Tulikokota, tukakunja, tukabeba, matone ya kwanza yakatukuta mlangoni. Yale maneno yangu sikuyasema hata moja. Wakati wa kuondoka akanifungia mchele kwenye mfuko, akasema nimpelekee mke wangu.

Na mnajua nini? Nikiwa juu ya pikipiki, ule mfuko mapajani, kichwa changu kikaanza: kwa nini anipe mchele? Mimi, niliyemtukana mbele ya wageni wake? Nikajipiga kofi la paja mpaka mwendeshaji akageuka kuuliza kama tumegonga kitu.

Ule mchele tuliupika siku hiyo hiyo. Rodrigue nilimwita aje kula, na telefone nikampa aipange, akae nayo mpaka atakapochoka. Sitagusa tena sisteme ya kitu chochote, naapa, wala sitainamia kioo mahali mtu ananimiminia kinywaji. Hiyo nyingine, ya kushuku, siwezi kuwaapia kwamba imekwisha. Lakini sahani ya kwanza jioni ile nilijipakulia mimi, nikala mbele ya wote, na ulikuwa mchele mtamu.