Mkunga Aliyetazama Chini

Saa moja asubuhi maji bado ni baridi. Fusae Momose, miaka sitini na moja, amepiga magoti kando ya beseni refu la mbao, anasugua pazia la buluu kwa brashi laini. Gundi ya unga wa mchele, iliyozuia rangi isiingie, inabanduka, na ilipokuwa panabaki peupe: herufi moja tu, う, yaani “u”.

“Si yangu,” anasema kabla mwandishi wa gazeti hajauliza. “Ya Chigusa, mwenzangu hapa karakanani. Nzuri zote ni za Chigusa.”

Hapa Mishima, mji wa Japani, wauza mkunga, samaki yule mrefu kama nyoka aitwaye huku unagi, huweka herufi hiyo ya kwanza ya jina lake kwenye pazia la mlangoni, imechorwa kwa umbo la samaki mwenyewe. Fusae ameiandika miaka thelathini na minne. Anajua ilikotoka: herufi nzito ya Kichina yenye paa, ambayo watu wa kale waliiandika mbio mbio hadi paa likawa kinukta na nyumba nzima ikawa mkunjo.

“Mimi nililinda lile paa. Yeye kaja juzi, kainyoosha anavyotaka, wateja wote kwake.”

Hiyo “juzi” ni miaka tisa. Sasa mishahara yao ni sawa, yeni laki mbili kwa mwezi.

Mwezi Juni, mzee Nagakubo, muuza mkunga wa karibu na stesheni, alitaka pazia jipya kabla ya siku ile ya joto la Julai ambapo mji mzima hula mkunga. Kila fundi achore lake, yeye achague.

Kutia rangi mapazia yote, yake na ya wenzake, ni kazi ya Fusae. Alipokunjua kitambaa cha Chigusa, aliona papo hapo: kichwa cha mkunga kiko chini. Kwa wauza mkunga, samaki lazima apande, na biashara ipande naye. Chigusa, mtoto wa milimani, hakuwahi kulisikia hilo. Rangi ilikuwa haijatiwa, gundi ingeoshwa na samaki achorwe upya.

“Dada Fusae, mbona kimya? Kibaya?”

“Kizuri, mdogo wangu. Kizuri mpaka naumwa.”

Wakacheka. Fusae akachovya brashi kwenye rangi.

Mzee Nagakubo hakulitazama pazia lile mara mbili. “Binti, huyu samaki anakwenda wapi, kaburini? Nipe la dada yako.”

Chigusa aliinama, akaomba radhi. Siku tatu hakukaa na wenzake kula.

Pazia la Fusae likatundikwa. Hulipita kila jioni akienda kununua tofu. “Wanalisifu,” anasema. “Mimi naliona lile lililokunjwa kabatini.”

Anakamua kitambaa, anauliza gazeti linatoka lini. Anaambiwa Jumamosi.

“Basi Ijumaa Chigusa atasikia kwangu mwenyewe. Nitamwomba achore upya, kichwa juu. Nitatia rangi, nitalipeleka kwa mzee Nagakubo, langu lishushwe.”

Anaanika kitambaa, vidole vimekuwa vya buluu.

“Akinitukana, nimestahili. Akinisamehe, hapo ndipo nitamwonea wivu kweli.”